Mume wa Rael Aliponisimamisha Katikati ya Majani Chai

Cheka ukitaka. Mimi sikuota, na pombe sijawahi kuonja. Mtu huyo alisimama mbele yangu vile wewe umekaa hapo.

Ilikuwa miaka ya tisini, huku kwetu Bomet. Jirani yangu Rael alikuwa amewekwa ndani, eti amemkata mumewe Kipkoech kichwani kwa panga. Kipkoech mwenyewe ndiye aliwaambia polisi hivyo, akiwa kwenye kitanda cha hospitali.

Asubuhi ya kesi nilitoka mapema kwenda kortini. Ukungu ulikuwa umefunika shamba lote la chai. Hapo njiani nikamkuta Kipkoech, bandeji kichwani, nguo za hospitali, miguu mitupu. Nikafurahi. Kumbe ametolewa!

"Chamgei, Baba Cherono," nikamsalimu.

"Mama, waambie si Rael," akasema. "Nililewa, nikaangukia panga yangu mwenyewe. Yeye ndiye alinifunga kidonda na leso yake. Niliona aibu, nikamsingizia."

"Si twende ukaseme mwenyewe?"

Akatikisa kichwa, machozi yakimtoka. Nikageuka kuangalia kama kuna mtu mwingine anayesikia. Kurudisha macho, hayuko. Na niamini, umande pale aliposimama haukuwa umekanyagwa.

Kortini sikungoja kuitwa. Nikasimama nikasema yote. Kiongozi wa mashtaka akaniangalia kwa huruma, halafu akamwambia hakimu kwamba mlalamishi alikufa usiku, kabla ya mapambazuko. Wengine wakacheka.

"Mama, keti," hakimu akasema polepole. "Siwezi kuandika maneno ya marehemu."

Rael peke yake ndiye aliniamini. Akipelekwa nje na askari, alinishika mkono. Unajua aliniuliza nini?

"Alikuwa anasikia baridi?"

Mashtaka yakageuzwa kuwa ya mauaji. Alifungwa, na huko jela kifua kikamuua. Cherono, msichana wao, nimemlea mimi. Ameshakuwa mkubwa, lakini hajawahi kuniuliza baba yake alisema nini siku ile, na mimi kila nikitaka kuanza, naishia kuzungumzia mvua na chai.

Wewe unayenisikiliza, kama umemsingizia mtu, nenda useme leo, ukiwa bado unapumua. Ukishakufa unaweza kulia mbele ya mtu yeyote kwenye ukungu. Hakuna korti itakusikia.