Swali Ambalo Wakoli Hakumuuliza Mkamwana Wake

Wakoli Mabonga si mtu mkubwa. Nalisema mapema kwa sababu siku hizi mtu haandikwi mpaka awe ameshinda mbio za ng'ambo au ameiba pesa za umma. Yeye alikuwa mkaguzi wa mikopo katika chama cha akiba cha wauza maziwa hapa Eldoret, kabla wenyeviti watatu, mmoja baada ya mwingine, hawajakila chama chenyewe hadi viti vya ofisi.

Mimi nilikuwa karani wake. Yeye alikwenda kuona, mimi niliandika. Nilifika darasa la nne tu, na kusoma kwenyewe nilijifunza kwa magazeti yaliyofungiwa sukari dukani kwa mjomba wangu. Wakoli hata hilo la nne hakulimaliza. Lakini leo vijana wenye digrii za chuo cha Chepkoilel wanaletewa uongo kwenye simu wanaumeza bila maji, na sisi wawili tulikopesha wakulima kwa miaka kumi na tisa, na waliotukimbia nawahesabu kwa vidole.

Kazi ilikuwa hivi. Mwanachama akitaka mkopo, aliweka ng'ombe kuwa dhamana. Wakoli alipanda baiskeli akaenda kumwona huyo ng'ombe, awe Turbo, awe Moiben, awe Burnt Forest kwenye baridi ile. Watu walikuwa na ujanja wa kuazima ng'ombe wa jirani kwa siku moja. Wakoli hakubishana na mwenye boma. Alimwomba tu mama wa nyumba amkamue ng'ombe mbele yake. Ng'ombe hateremshi maziwa ovyo kwa mkono asioujua. Akirudi ofisini, aliniambia niandike chini ya ripoti: nimeona, nimeridhika. Ama: nimeona, sikuridhika. Hakuna aliyekata rufani.

Mwaka wa tisini na moja alimnyima mkopo Muigai wa Burnt Forest. Mke wa Muigai, jina lake Wahu, alikuwa ameketi chini ya ng'ombe mkubwa mweusi na mweupe, ndoo kati ya magoti, na hakuna kilichotoka. Muigai alisema ng'ombe ameogopa wageni. Wahu aliinuka, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba ng'ombe si wao. Nyumbani huko sijui alilipia vipi ukweli huo. Ninachojua ni kwamba waliopata mikopo mwaka ule kwa ng'ombe wa kuazima, kwa wakopeshaji wengine wasiokwenda kuona, walinadiwa mashamba. Wahu hakusahau. Muigai alimchukia Wakoli hadi kufa kwake, lakini Wahu alimwamini kuliko mchungaji, na alimwamini kwa sababu aliwahi kumwambia hapana.

Mwaka wa elfu mbili na nane, katika vurugu za baada ya uchaguzi, nyumba yao ilichomwa. Sitaeleza ilivyokuwa, walioona wameona. Muigai alifia mtaa wa Langas, huku mjini, katika chumba cha kukodi, na Wahu akabaki akiuza viazi kando ya barabara. Miaka ilipopita, mzee mmoja aliyekuwa jirani yao kule Burnt Forest, Kipkirui, alimtumia ujumbe kwamba anauza nusu eka, karibu na pale pale, na angependa anunue mtu anayemjua. Angemngojea hadi mwisho wa Agosti. Wahu alikuwa na robo tatu ya bei. Alitaka hiyo nusu eka ili azikwe huko. Aliniambia hivyo bila huzuni, kama mtu anayetaja basi atakalopanda.

Wakati huo ndipo Janice alipoleta Kilele.

Janice ni mke wa Kituyi, mtoto wa kwanza wa Wakoli. Wanaishi Elgon View, nyumba ya ghorofa, gari mbili. Kilele ilikuwa huduma ya mtandaoni ya kununua sarafu za kidijitali, zile pesa zisizoshikika. Unatuma shilingi kwa simu, zinageuzwa sarafu, sarafu zinafanyishwa biashara, na kila Ijumaa unaona faida yako. Kanisani kila mtu alizungumzia Kilele. Wahu alisikia, akapiga hesabu yake ya Agosti, lakini hakutuma hata shilingi. Alikuja kwa Wakoli na kilo mbili za viazi, akasema, "Mzee Wakoli, nenda unionee hiyo kitu. Ukisema ndiyo, naweka. Ukisema hapana, nitakaa na zangu."

Nilikuwepo. Nilimwona rafiki yangu akinyooka mgongo. Miaka ishirini na tano hakuna mtu aliyekuwa amemtuma kwenda kuona kitu.

Akaanza kazi. Kwanza alikwenda Elgon View, na hapo lazima nieleze jambo ambalo wajukuu zetu wanalicheka. Kwa Wabukusu wa rika lake, mtu na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa umbali. Hawaketi kiti kimoja, hawashikani mikono, hawahojiani. Kwa hiyo Janice alipotaka kumwonyesha Kilele, aliiweka simu mezani, akarudi nyuma hadi mlangoni, na Wakoli ndipo akasogea akaichukua. Janice akaeleza kutoka mlangoni. Wakoli akasikiliza akiangalia simu. Akishindwa na jambo, aliirudisha mezani, akasogea dirishani, na Janice akaja kubonyeza. Huo ndio umbali wa heshima tulioujua zamani kati ya mkwe na mkamwana, na mimi siucheki.

Kisha akapima. Aliweka pesa kidogo zake mwenyewe, za kuuza kuku. Baada ya wiki akazitoa, zikaja na nyongeza. Akaweka tena, akazitoa Jumapili saa ya ibada, aone kama wako kazini. Zikaja kabla mahubiri hayajaisha. Akarudia mara nne zaidi, na kila mara zikaja. Akawaandikia swali la kijinga, kwa makosa ya makusudi, aone kama watamdharau. Akajibiwa na mtu aliyemwita Mzee Wakoli na kumweleza taratibu kama mtoto mwema. Akaomba cheti. Kikaja na muhuri na namba. Kim, kijana wa saiba, duka la kukodisha kompyuta, alimtolea karatasi, na Wakoli akaileta kwangu tuisome kwa miwani yangu. Alinunua pia saa moja ya mtandao akasoma watu wamesema nini juu ya Kilele. Alikuta sifa arobaini na moja, malalamiko hakuna. Hakujua kwamba sifa nazo huuzwa kwa fungu, kama sukuma wiki.

Nilimwuliza jambo moja. Nilitaka kujua Janice mwenyewe ameweka pesa ngapi, na anapata nini mtu mwingine akiingia.

"Gathogo," akasema, "mimi simhoji mke wa mwanangu."

Nikamwambia basi amwulize Kituyi. Akasema kumwuliza Kituyi ni kumwuliza Janice kwa mlango wa nyuma. Nikanyamaza. Nami ningenyamaza vile vile kama ningekuwa yeye, na hilo ndilo linalonikera hadi leo. Tabia nzuri ndiyo iliyotufunga mdomo. Mwizi wa siku hizi hahitaji kuvunja nyumba, anahitaji tu watu wenye adabu.

Wakaguzi wa zamani walikuwa na kasoro moja ambayo hatukuijua kwa sababu haikuwahi kutudhuru. Tuliamini kwamba kitu kikipimwa mara nyingi kikafaulu, ni cha kweli. Ng'ombe ndivyo alivyo. Hakuna ng'ombe anayekubali kukamuliwa mara sita ili akupige teke mara ya saba. Lakini Kilele ilijengwa na watu waliojua kwamba atakuja mtu kama Wakoli, na wakamwekea maziwa tayari kwa kila ndoo atakayoleta. Pesa alizorudishiwa zilikuwa za mjinga mwingine aliyeingia nyuma yake.

Mwisho wa Mei aliniletea daftari. Nikaandika kama alivyonisomea: majaribio sita, tarehe zake, cheti, majibu. Chini akaniambia niandike nimeona, nimeridhika. Kalamu ilisimama kidogo. Nilitaka kumwuliza ameona nini hasa. Nikaandika.

Wahu aliweka robo tatu yake yote.

Wiki tano aliona faida ikipanda kwenye simu ndogo aliyonunua kwa ajili hiyo. Wiki ya sita, ambayo ni Ijumaa ya pili ya Julai, alitaka kutoa zote akamlipe Kipkirui mapema. Kilele ikamjibu kwamba kwa kiasi hicho lazima atume kwanza ada ya uthibitisho. Akampelekea Wakoli simu. Wakoli akaandika kwa yule mtu wake mpole. Mpole akajibu kwa upole ule ule, Mzee Wakoli hivi, Mzee Wakoli vile, ada ni utaratibu tu. Jumatatu hakujibu. Jumatano Kilele haikufunguka tena kwenye simu ya mtu yeyote kanisani.

Wakoli alikwenda Elgon View kwa miguu. Nilikwenda naye kwa sababu sikupenda nilichokiona usoni mwake. Tulimkuta Janice uani akianua nguo. Alileta viti viwili, akasimama mbali kama desturi. Wakoli hakuketi. Alimsogelea hadi hatua mbili, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aolewe.

"Janice. Pesa zako wewe ziko wapi?"

Alishtuka, lakini si kwa swali. Alishtuka kwa ukaribu ule.

"Zangu nilitoa, Baba. Wiki tatu sasa."

"Ulijua?"

"Kila mtu anajua. Hizi vitu huanguka. Unaingia mapema, unatoka mapema. Unaangalia tu ina wiki ngapi." Alikunja shuka, akaifungua, akaikunja tena. "Mimi nilidhani unajua, Baba. Ulikuwa unapima kila siku."

"Nilikuwa napima kama ni ya kweli."

Janice alimtazama kwa huruma. Sijaona huruma mbaya kuliko ile.

"Hakuna mtu hupimanga hiyo, Baba."

Si msichana mbaya. Hilo ndilo gumu la kuandika. Alituambia yote bila kuficha, kwamba mtu akiingia kwa jina lako unapata kitu, na kwamba alipata kitu kwa Wahu. Aliingia ndani, akarudi na noti, akaziweka juu ya kiti kimoja na kurudi nyuma. Wakoli hakuzigusa. Mimi ningezichukua, zilikuwa za Wahu. Lakini yeye aliona kwamba akizibeba, atakuwa amepokea mgao. Tukaondoka, noti zikabaki kwenye kiti.

Njiani nilimwambia maneno yote ambayo mtu huyasema, kwamba ametapeliwa kama wengine, kwamba hata maprofesa wameliwa. Tukafika daraja la mto Sosiani. Hapo akasema kwamba wengine waliliwa pesa zao. Yeye aliliwa neno lake, na neno hilo alikuwa amempa mtu.

Wahu alikuwa anapanga viazi kwenye mikebe alipotuona mbele yake. Wakoli alimwambia akiwa amesimama, kofia mkononi. Hakumtaja Janice. Alisema yeye ndiye aliyeona vibaya, na kwamba ana vyumba viwili vya kukodisha Langas, kodi yake itakuwa ya Wahu kila mwezi hadi deni liishe. Kwa hesabu yangu ni miaka minane. Wakoli ana miaka sabini na sita.

Wahu alimaliza mkebe aliokuwa anaujaza. Hakulia na hakututukana, na ingekuwa afadhali.

"Andika kwa wakili, Mzee," akasema. "Na Gathogo atie sahihi kama shahidi."

Wakoli alikuwa ametoa mikopo ya mamilioni ya siku zile kwa maneno mawili ya mdomo. Aliinamisha kichwa akakubali. Tulipanda ngazi za wakili wiki hiyo hiyo, na wakili, kijana wa kola nyembamba, alimwuliza Wakoli kama anaweza kuandika jina lake au atumie kidole gumba.

Kipkirui alingoja hadi mwisho wa Agosti kama alivyoahidi, na zaidi ya hapo siku kumi. Kisha akamwuzia nusu eka mwalimu mmoja kutoka mjini. Simlaumu.

Wakoli analipa. Kila tarehe tano anampelekea Wahu kodi ya vyumba viwili, na Wahu anampa karatasi ya kupokea, kama wakili alivyoagiza. Hawakai kunywa chai. Kanisani ameacha kuwa mzee wa kanisa, wala hakuna aliyemwomba aache. Niliwaza kwamba watu wangemwonea fahari mtu anayelipa deni ambalo hakulila. Nilikosea. Wanamwona mjinga, na mjinga anayelipa ni mjinga mara mbili.

Jumapili iliyopita Janice na Kituyi walikuja ibada ya huku kwetu. Baada ya sala, watu walilizunguka gari lao. Nilidhani wanakwenda kumwuliza Janice habari ya pesa zao, nikasogea nisikie. Hawakumwuliza hilo. Walimwuliza kama kuna nyingine. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya Jumapili, na fundi wa viatu, na mama wawili wa kwaya, wote waliopoteza pesa katika Kilele, na wote walimsogelea Janice kama daktari, kwa sababu yeye alitoka akiwa amepata.

Janice alisema kwamba ndiyo, ipo, lakini hataki lawama.

Wakoli alikuwa amesimama kando ya ukuta, hatua kama kumi hivi, akimngoja mwanawe amsalimie. Hakuna mtu aliyegeuka kumwuliza kitu. Wahu alikuja akipita mbele yake, akiwa na mkoba wake wa sokoni kwapani. Nilifikiri anakwenda langoni. Alijipenyeza kati ya wale mama wawili wa kwaya hadi kwenye dirisha la gari, akainama.

"Hiyo mpya," akamwuliza Janice kwa sauti ya chini, "ina wiki ngapi?"