Kitabu Safi cha Norbert Wierzbicki

Kama yupo mtu aliyewahi kula vizuri kwa miaka arobaini na miwili kwa sababu ya kosa moja, basi ni Norbert Wierzbicki, muuza spea wa duka la Palmisano, mtaa wa Parade, hapa mjini Erie, kando ya ziwa. Mwenyewe hakatai. Siku hizi ukimuuliza habari za maisha yake anaanzia papo hapo kwenye kosa, na anajicheka mapema ili wewe usipate cha kuongeza.

Lakini mpaka mwaka 2021 kosa lilikuwa bado siri yake, na kilichojulikana na watu kilikuwa kitu kingine kabisa, kizuri mno. Kila mfanyakazi mpya katika maduka ishirini na matatu ya Palmisano, kuanzia kwetu mpaka Buffalo, alisimuliwa siku ya kwanza. Januari ya mwaka 1979, theluji ya ziwani imefika magotini, mwalimu mmoja aitwaye Thelma Krantz alikuja kununua betri ya Ford yake. Norbert wa kaunta akamuuzia, kisha akaona mama wa watu hana glavu. Akachukua spana, akatoka nje na shati tupu, akaifunga betri kwa mikono yake. Mzee Guido Palmisano, mwenye duka, alikuwa akitazama kupitia dirisha la ofisi yake ya juu. Wiki iliyofuata akatoa amri: anayenunua betri kwetu tunatoka nje tukamfungie, bure.

Mengine ni historia ya kampuni. Wakati huo Palmisano alikuwa na maduka matatu tu ya spea, kama mtu mwingine yeyote. Baada ya betri zikaja waipa, kisha balbu, kisha mikanda ya feni, watu wakawa wanapanga foleni uani na boneti zimefunuliwa. Mzee akaezeka paa ili mafundi wasigande. Chini ya paa akaweka jeki za kuinulia magari, na kabla hajajua anafanya nini akawa na gereji. Maduka yakawa matano, kumi, ishirini. Na juu ya kila mlango yakaandikwa maneno yale yale: TUNATOKA NJE.

Yote hayo kwa sababu ya moyo mwema wa Norbert. Alipewa koti lenye jina lake kifuani. Alipigwa picha. Kila mwaka kwenye sherehe ya kampuni alisimamishwa asimulie, na kila mara theluji ilipanda kidogo, hata mwaka mmoja ikafika kiunoni na hakuna aliyepinga.

Kweli yenyewe ni kwamba Norbert hakuona glavu wala mikono. Alitoka mbio kwa woga.

Ili uelewe inabidi ujue kiburi chetu sisi watu wa kaunta. Enzi hizo kila mmoja alikuwa na kitabu chake cha spea, kinene, jina lake limeandikwa mgongoni, kimepangwa kwenye rafu mbele yake. Gari gani, mwaka gani, kifaa namba ngapi, yote yalikuwamo. Na mwanamume wa kweli hakukifungua. Mteja anataja gari, wewe unakwenda moja kwa moja kwenye shelfu unarudi na kitu mkononi, bila hata kupepesa jicho. Ukifungua kitabu mbele ya mteja, wenzako wanakuita mwanafunzi mpaka jioni. Kitabu chenye kingo nyeusi za grisi kilikuwa aibu ya mwenye nacho. Kila mwaka vilipokuja vitabu vipya, Mzee Palmisano alivipanga mwenyewe kwenye rafu, na kila mwaka kitabu cha Norbert kilimaliza miezi kumi na miwili kikiwa kisafi kama kilivyotoka kiwandani. Watu waliletwa kukitazama.

Alipokwama alikuwa na njia yake. Alingoja Wendell Ochs, jirani yake pale kaunta, aende kunywa kahawa, kisha akapekua kitabu cha Wendell kwa kidole kimoja huku akijifanya anatafuta kalamu. Ndiyo maana kitabu cha Wendell kilikuwa kichafu kuliko vyote. Wendell alitaniwa kwa hilo miaka na miaka, na Norbert alikuwa wa kwanza kumtania. Hili ndilo jambo analolionea haya kweli kweli, hata leo.

Siku ya mwalimu Krantz, Wendell hakuwa ameenda kunywa kahawa. Alikuwa amesimama palepale. Basi Norbert akaenda shelfu kifua mbele, akachukua betri namba ishirini na nne. Ford za wakati ule zilitaka ishirini na nne F. Kwa macho ni mapacha, kimo kimoja, uzito mmoja, ila vichwa vya betri vimegeuzwa, chanya mahali pa hasi. Ukimfungia mtu kwa nguvu unamuunguzia umeme wa gari zima. Wendell akambebea mwalimu betri mpaka kwenye buti, maana mwalimu alisema kaka yake atamfungia nyumbani. Norbert akamwandikia mteja mwingine risiti, akainua macho, akaona pengo la shelfu liko upande wa ishirini na nne tupu, akanyakua ishirini na nne F na spana, akatoka mbio.

Alimkuta mwalimu anapangusa kioo. Akamwambia kuwa kufunga ni kazi ya duka, ndiyo kawaida yao.

"Tangu lini?" akauliza mwalimu, aliyekuwa mteja wa miaka mingi.

"Tangu leo."

Na hiyo uliyoileta mkononi? mwalimu akauliza. Norbert akasema ile ya kwenye buti imeshapata baridi, amemletea iliyokaa ndani, yenye joto. Mwalimu alikuwa mtu wa hesabu, lakini alikuwa pia anatetemeka, akaacha. Norbert akafunga, akarudi ndani na betri ya makosa, akaitua kaunta karibu na ile kuukuu aliyoitoa kwenye Ford, mikono imemwiva buluu. Hapo ndipo Mzee Palmisano aliposhuka ngazi. Akatazama betri mbili. Akamtazama Norbert. Akasema, "Vizuri, Norbert," akapanda tena.

Norbert alingoja kufukuzwa kazi, akaletewa koti.

Kitu kimoja tu kilimsumbua katika miaka iliyofuata: hakupewa duka. Kila tawi jipya lilipofunguliwa alinyoosha shati, na kila mara umeneja ukaenda kwa mwingine, hata Wendell akapata la Millcreek, yeye na kitabu chake kichafu. Norbert alijiambia kwamba Mzee hawezi kuishi bila yeye pale kaunta. Tena alimwona Mzee kuwa mtu wa upweke. Kila Alhamisi saa sita Palmisano alivuka barabara, akaketi kwenye mgahawa wa ng'ambo, meza ya dirishani ya watu wawili, akala mkate wake wa nyama ya ng'ombe peke yake, akitazama duka. Norbert alikuwa akimwona kutoka kaunta. Tajiri mzima, alikuwa akiwaza, na hana rafiki. Mzee alifariki mwaka 1993, mwaka uleule zilipoingia kompyuta, na vitabu vikapelekwa chini ya duka vikakae gizani.

Sasa Palmisano walikuwa wanatimiza miaka sitini. Loretta, binti wa Mzee, ndiye bosi, na aliamua kuweka bango la shaba kwenye mlango wa duka la kwanza. Jumatatu akampa Norbert karatasi ya maneno ayahakiki, yachongwe Ijumaa. Yaliandikwa hivi: HAPA NORBERT WIERZBICKI ALIMWONA MWANAMKE ASIYE NA GLAVU.

Norbert aliisoma mara tatu. Hadithi ya mdomoni unaweza kuikimbia, leo ukaikuza, kesho ukaipunguza. Shaba haina huruma. Yeye atakufa, uongo utabaki mlangoni unang'aa, na kila atakayepita ataujua kwa jina la ukoo wa Wierzbicki. Akifungua mdomo, je? Umri wake ulikuwa miaka sitini na saba, alikuwa anafanya kazi siku mbili kwa wiki, na katika dunia hii alijulikana kwa jambo moja tu. Wajukuu zake walikuwa wamelisimulia shuleni. Alizunguka nalo siku tatu. Alhamisi asubuhi akapanda zile ngazi za ofisi, akasimama mbele ya Loretta na kofia mkononi, akasema yote. Ishirini na nne na ishirini na nne F. Betri yenye joto. Hata kitabu cha Wendell.

Loretta alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bosi. Koti nimelileta, liko kwenye gari."

"Kaa na koti lako, mzee wangu. Limeshachanika kwapani, nani atalivaa." Akatafakari. "Kwa hiyo sisi wote tunakula kwa sababu wewe ulikuwa mvivu wa kusoma."

"Si uvivu. Kiburi."

"Afadhali uvivu."

Hakuonekana amekasirika, ila alionekana mtu anayepanga upya nyumba ambayo alikwisha kuipanga. Akasema maneno ya bango watayaangalia, kwanza amsaidie jambo moja. Alikuwa ametengeneza kabati la kioo la vitu vya zamani, na kati ya vitabu vyote vilivyotolewa chini alichagua cha Norbert cha mwaka 1992, kwa sababu ndicho pekee kisichonuka grisi. Kilikuwa pale mezani. Alitaka kiwekwe kimefunuliwa kwenye ukurasa wa betri za Ford, kwa heshima ya hadithi.

"Basi kifungue," akasema. "Sasa hakuna wa kukucheka ila mimi."

Norbert akakifungua. Kurasa zilikuwa zimeshikana kwa upya, zikalia zilipoachana. Alipofika betri za Ford akakuta karatasi, imekunjwa mara mbili, imekuwa ya manjano. Mwandiko ule Loretta aliutambua kabla yake, akavuta kiti. Norbert akasoma kwa sauti, kwa sababu hakujua la kufanya jingine.

"Norbert. Ford ni F. Niliziona betri mbili. Mtu anayeweza kukimbia nje vile ninamtaka awe meneja, ila simpi duka mtu asiyefungua kitabu. Ukisoma hii, umekifungua. Njoo Alhamisi saa sita, nipo ng'ambo, chakula ni juu yangu. Mpaka hapo betri zote zitafungwa nje, ili makosa yako yasiende nyumbani kwa watu. G. P."

Chini yake iliandikwa 1979, ikakatwa. Pembeni 1980, ikakatwa. Mzee alikuwa ameihamisha karatasi ile kutoka kitabu hadi kitabu, kila mwaka alipovipanga kwenye rafu. Miaka kumi na minne. Mwandiko ulitetemeka kadiri ulivyoshuka, na mwaka wa mwisho, 1992, haukukatwa.

Chini uani fundi alikuwa anamfungia mtu betri, wakasikia boneti ikishushwa.

"Angeweza tu kukuambia," akasema Loretta. Sauti yake haikuwa ya bosi tena.

"Na mimi ningeweza tu kufungua."

"Mlikuwa vichwa vigumu, nyote wawili."

Norbert akaikunja tena ile karatasi kama alivyoikuta. Maduka ishirini na matatu, alisema hatimaye, na yote yamejengwa kumchunga mtu mmoja asiyetaka kufungua kitabu. Hajui kampuni nyingine iliyompa mfanyakazi wake walinzi wengi namna hiyo.

Kuhusu bango, aliomba aandike mwenyewe. Akaandika nyuma ya ile karatasi ya Loretta, polepole, akihakiki kila neno. HAPA, JANUARI 1979, NORBERT WIERZBICKI ALITOA BETRI ISIYO YENYEWE KWA SABABU HAKUFUNGUA KITABU. TANGU HAPO TUNATOKA NJE. Akaomba na kitabu cha Wendell kitafutwe, kiwekwe kabatini pembeni ya chake, na kikaratasi kueleza kwamba uchafu ule si wa Wendell. Loretta akakubali yote mawili. Ndiyo maneno yaliyopo mlangoni mpaka leo, na wateja wakiyasoma humuuliza Norbert kama amefungua kitabu, naye huwageuzia kompyuta waone.

Lakini hilo ni la baadaye. Siku ile Loretta alitazama saa ya ukutani, akachukua koti lake.

"Leo Alhamisi," akasema. "Twende. Mzee alisema ni juu yake."

Wakavuka barabara. Mgahawa ulikuwa umebadilisha mmiliki mara mbili, lakini ile meza ya dirishani ilikuwapo. Loretta akaketi upande aliokuwa akiketi babake. Norbert alibaki amesimama, ameshika mgongo wa kiti cha pili. Kutoka hapo duka lilionekana lote, na kaunta, na mahali pake kwenye kaunta.

"Nilikuwa namhurumia," akasema. "Nilidhani hana mtu wa kula naye."