Aliyeanguka na Aliye Nyuma Yake

Mpima ardhi aliyenipimia kiwanja changu cha Mkonze ndiye aliyenifundisha kupigana vita vya mezani, mchezo wa majeshi ya vidoli na dadu. Au niseme tulifundishana. Kitabu cha sheria za mchezo kilikuwa changu. Nilikirithi kwa mfanyakazi mwenzangu wa ofisini Mtumba aliyehamishiwa mkoa mwingine na hakutaka kuongeza mzigo. Askari walikuwa wake. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, na siku ile ya kupima nilimkuta anawasubiri wasaidizi wake huku vidole vyake vinafinyanga ng'ombe wa udongo asiyezidi kidole gumba. Nikamwambia ninacho kitabu cha mchezo unaotaka askari wa kimo hicho. Baada ya mwezi alifika kwangu Area D na trei mbili za mayai, na katika kila shimo la trei alikaa askari wa udongo wa kichuguu, mkuki wake kijiti cha kuchokolea meno.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, tukakitafsiri wenyewe kwenye daftari, Jumamosi baada ya Jumamosi. Tulipofika kwenye mapigano ya ana kwa ana, pale vikosi viwili vinapogusana, niliandika kwa mkono wangu: "Askari aliyegusana na adui atapigana, pamoja na mwenzake aliye nyuma yake." Tuliisoma mara mbili. Tukaona imekaa vizuri.

Jumamosi moja nilipanga watu wangu wa mikuki safu mbili juu ya kilima, yaani kitenge nilichokikunja na kukiweka katikati ya meza. Mpima akawaleta wapanda farasi wake mbio. Anayeshambulia hupiga kwanza. Akarusha dadu, na safu yangu ya mbele ikaanguka yote, watu sita. Akawaondoa mezani kwa upole, kama mtu anayeokota mayai. Mimi nikachukua dadu.

"Unafanya nini, binti?"

"Safu ya pili inajibu. Wako nyuma ya wenzao."

"Wenzao gani? Mbele yao hakuna mtu."

"Walikuwapo, mzee."

"Sheria haisemi walikuwapo. Imesema 'aliye.'"

"'Aliye' ni huyu wa nyuma, na wa nyuma yupo!"

"Yupo nyuma ya nani?" akauliza. "Aliyekufa hana nyuma."

Nilikasirika. Kazi yangu ni ya masjala. Nashinda na maneno ya watu kutwa nzima, na hapa nilikuwa nashindwa kwa sentensi niliyoiandika mwenyewe. Tulifungua kitabu chenyewe, nacho kilikuwa kimya. Tukaishia hapo, vita vikahesabiwa vyake. Alipotoka kwenda kuswali, kabla hajawarudisha askari kwenye trei, nilisimama juu ya kiti nikaipiga meza picha kwa simu, askari wangu sita nimewalaza pale walipoangukia, ili siku moja nipate wa kuniamulia. Wenzangu wa ofisini nilipowaonyesha walicheka tu, wakauliza hivyo vijidoli vinauzwa wapi.

Jumamosi iliyofuata alikuja, tukanywa chai bila kupanga meza, akaondoka mapema. Ile ya baada yake hakuja kabisa. Nikajiambia basi, yamekwisha.

Wiki ya tatu, mara baada ya chakula cha mchana, alishuka kwenye bajaji mbele ya geti langu, trei zake kifuani, suruali imejaa matope hadi magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Meza iko wazi?"

Alianza kunisimulia hata kabla hajakaa. Wiki ile alipelekwa kusuluhisha majirani wawili waliogombea mpaka. Greda lilikuwa limeng'oa bikoni, jiwe la mpaka, na mmoja wao akashikilia kwamba jiwe halipo, kwa hiyo mpaka haupo. Alipima kutoka kwenye mawe mengine yaliyosalia, akaagiza pachimbwe, na pale pale likaonekana shimo la jiwe la zamani.

"Nikamwambia yule bwana, jiwe likiondoka, mahali pake hapaondoki," alisema. "Nikayasikia maneno yangu mwenyewe, binti. Ilibidi nikae chini. Askari akiondolewa mezani, mahali pake hapaondoki, na wa nyuma yake bado yuko nyuma ya mahali pale. Nilikukosea."

Nikamwambia yamepita, tuanze mchezo mpya.

"Hapana. Tumalizie ule."

Akaniomba kitenge kile kile. Akakikunja, akakigeuza kidogo, akaanza kupanga. Hakuwa na karatasi wala hakuniuliza neno. Kila askari alimtoa kwenye trei, akamshika hewani kitambo kidogo, akamtua. Alipomweka wa mwisho adhana ya alasiri ilikuwa inasikika. Akaomba maji ya kutawadha, akaenda kuswali barazani.

Nilipobaki peke yangu nilitoa simu nikafungua picha. Nilihesabu kutoka kushoto. Wote walikuwapo, kila mmoja pahali pake. Farasi aliyevunjika mguu alikuwa ameegemezwa kwa mwenzake, kama siku ile. Mtu wangu mmoja wa mikuki niliyempanga kwa makosa akiwapa adui mgongo, na ambaye sikuwahi kumwona hadi nilipoikuza picha, alikuwa amewapa adui mgongo. Sikuthubutu hata kuigusa meza.

Aliporudi nilimwonyesha simu, nikiona haya. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe unayo," alisema. Kisha akainama, akamsogeza mpanda farasi mmoja kushoto, kwa unene wa njiti ya kiberiti. Nililinganisha tena na tena. Mimi sikuiona tofauti.

"Haya. Safu ya pili inajibu."

Nilirusha dadu sita. Nne zikapiga. Wapanda farasi wake wakatawanyika, na walipotawanyika, ubavu wa jeshi lake lote ukabaki wazi. Aliwabeba mwenyewe askari wake kwenye bajaji kuja kupoteza vita alivyokuwa ameshinda. Aliwaokota mmoja mmoja, akasema, "Una mkono mzuri," na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuwahi kuiona siku alizoshinda. Majuma matatu nilitafuta mtu wa kuniambia ukweli uko upande wangu. Yeye alikuwa akiutafuta ukweli wenyewe, tena dhidi yake.

Akalivuta daftari, akafuta sentensi yangu, akaandika: "Safu ya pili itapigana hata kama safu ya mbele imeanguka, kwa kuwa mahali pao pamebaki."

"Isome kwa sauti," akaniambia. "Itafutie kasoro."

Nikasoma. "Itapigana lini, mzee? Zamu hiyo hiyo, au inayofuata?"

Akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akashika mbavu. Tulibishana juu ya hilo mpaka mkewe akapiga simu kuuliza kama amehamia Area D.