Nywele za Mahindi

Siagi ya ng'ombe wa Masisi ikipata joto la jua hutoa harufu ambayo mtu hawezi kuisahau hata akitaka. Si ile siagi ya kopo. Hii husukwa kibuyuni, ikakaa siku nyingi mpaka ikachacha kidogo, na ukijipaka kichwani nzi wa mtaa mzima hupata habari. Nilipokuwa na miaka tisa, hema letu katika kambi ya Mugunga lilinuka hivyo tangu Jumatatu hadi Jumapili. Watoto wenzangu waliziba pua waliponipita. Nilikuwa nikinuna, narudi ndani, namkuta mama ameketi juu ya jiwe la lava, kichwa kimefunikwa jani la mgomba na kitambaa juu yake, mikono magotini, ametulia kama mtu aliye kanisani. Alikuwa akingoja rangi imtoke kwenye nywele. Alikuwa amepewa wiki sita, na zikipita bila rangi ile kutoka, mdogo wangu angepelekwa mji mwingine, kwa watu tusiowajua.

Lazima nieleze nywele zenyewe. Mama alizaliwa na nywele za rangi ya hudhurungi nyepesi, na zikipigwa na jua zilikaribia manjano, kama zile nyuzi laini zinazochungulia kwenye ncha ya hindi bichi. Hakuna aliyejua alizirithi kwa nani. Bibi alisema hata mkunga alimgeuzageuza akitafuta maelezo. Shuleni wenzake walimwita Bwaki, jina la ugonjwa wa njaa unaogeuza nywele za watoto kuwa nyekundu, ingawa alikula akashiba na aliwashinda wote kwa mbio. Kule Kiwanja, tulikokuwa na duka la maharage, wageni walielekezwa kwetu kwa nywele hizo. Mdogo wangu Byamungu hakuwa akipata usingizi mpaka azungushe shungi moja kwenye kidole chake. Mama alilalamika kwamba mtoto huyu atamwachia upara, na huku analalamika anamwinamishia kichwa.

Kisha vita vikafika Kiwanja. Watu wenye bunduki walimchukua baba dukani, na hatukumwona tena. Siku ya tatu jirani akaja kutunong'oneza kwamba kwenye vizuizi vya barabarani wanamuulizia mke wake, yule wa nywele za manjano. Shangazi yangu hakupoteza muda. Alinunua hina sokoni, akaichanganya na unga mweusi ambao mchuuzi aliuuza pamoja nayo, akampaka mama kichwa kizima. Kufika adhuhuri mama alikuwa mtu mwingine. Byamungu, aliyekuwa na miaka mitatu, alimtazama akaangua kilio, akakataa katakata kubebwa naye. Ndiyo maana tulipoondoka alikuwa mgongoni kwa shangazi. Risasi zilipolia njiani umati ulipasuka, sisi tukasukumwa upande wa Goma, wao wakarudishwa kaskazini. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote: rangi iliyomwokoa mama ndiyo iliyomhamisha mdogo wangu kwenye mgongo mwingine.

Mugunga mama aliendelea kupaka hina kila mwezi, kwa sababu hofu haikuachwa Kiwanja, tulikuja nayo. Mwaka mmoja ukapita. Ndipo tukasikia kwamba nyumba moja ya masista, mjini, imepokea watoto waliopotea kutoka kaskazini, na kati yao yuko Byamungu ambaye shangazi yake alifariki kwa homa. Tulikwenda kwa miguu, mama akitangulia, mimi nikikimbia nyuma. Alikuwa yeye. Amerefuka, amekonda, na goti lake lina kovu ambalo mimi ndiye niliyelisababisha. Mama alifungua kitambaa chake akapiga magoti. Byamungu alimtazama sana, akamgeukia sista.

"Mama yangu iko na nywele ya mahindi," alisema. "Huyu, hapana."

Sista yule, ambaye wote walimwita masera, hakuwa mtu mbaya. Siku za nyuma mtoto mmoja alikabidhiwa mwanamke ambaye hakuwa mama yake, na tangu hapo walitaka karatasi, au mashahidi wawili wa nyumbani, au mtoto mwenyewe amtambue mzazi. Karatasi zetu ziliungua pamoja na duka. Mashahidi walikuwa wametawanyika kila upande. Mimi niliapa mpaka sauti ikanikauka, lakini neno la mtoto kwa ajili ya mama yake halikuandikwa. Masera alisema turudi baada ya Pasaka. Baada ya hapo, watoto wasio na mwenyewe wangepelekwa mji mwingine. Njia nzima ya kurudi nilimchukia Byamungu kwa kweli, chuki ya mtoto, mpaka tulipofika kambini nikaanza kulia.

Jioni ile ile mama alimwendea Mama Kavira, mwanamke wa Butembo aliyesuka watu nywele nyuma ya hema la tano kutoka letu. Kabla ya vita alikuwa na saluni yake, na vidole vyake vilikuwa bado vinajua kila kitu. Mama alimwomba ampake ile dawa nyeupe ya saluni inayofifisha rangi kwa nusu saa. Mama Kavira alichukua kitana. Alichana kichwa cha mama, akakusanya nywele zilizobaki kwenye kitana, akaziweka katika kibati cha nyanya na kumimina dawa kidogo juu yake. Akanipa mimi nikishike. Haikuchukua muda, kibati kikaanza kupata moto mkononi mwangu, peke yake, bila kuni wala mkaa. Moshi mwembamba ukapanda. Tulipochungulia, nywele zilikuwa zimegeuka kijani, na Mama Kavira alipozigusa kwa kijiti zikakatika kama uji uliopoa. Nilikitupa kibati chini. Mpaka leo nikikumbuka joto lile viganja vyangu vinasisimka.

"Ule unga mweusi ndio iko inafanya vile," Mama Kavira alisema. "Tukiweka hii juu yake, unabakia kichwa tupu. Hina haifukuzwe. Inaombwa."

Jirani mmoja, aliyekuwa akitusikiliza bila kualikwa, alishauri mama anyoe tu, zitaota zake. Ushauri ulikuwa na akili. Lakini kwetu wanawake hunyoa wakifiwa, na mama alikuwa amekataa kunyoa hata kwa baba, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kaburi.

"Kunyoa ni ya kilio," alimjibu. "Mutoto wangu hayakufa."

Basi tukaanza kuiomba hina. Mama Kavira aliweka masharti yake, na aliyasema kwa ukali wa mwalimu. Asipake tena hata tone. Siagi ya ng'ombe ipashwe juani, isichemshwe, ipakwe kuanzia ncha hadi kwenye ngozi, ifunikwe jani la mgomba tangu asubuhi hadi mchana, kwa sababu mafuta huingia taratibu na kuilegeza rangi. Siku ya tatu iwe asali iliyolainishwa kwa maji. Limau marufuku, majivu marufuku, maana vinakausha nywele. Kuchana ni kwa vidole kwanza. Kila Jumamosi alikata ncha kidogo, upana wa ukucha tu, na mimi nilipewa kazi ya kuzisukuma zile ncha ndani ya nyufa za lava, kwani nywele za mtu haziachwi ovyo zikaokotwa. Yaliyobaki, alisema, tuiachie ngozi ya kichwa ifanye kazi yake.

Maji kambini yalikuwa ya kugombania, kwa hiyo tulikwenda kuosha ufukweni Kituku, ambako mama alichuuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliotoka kwenye mitumbwi. Akimaliza kuuza tulijitenga nyuma ya mawe, nikammiminia maji ya ziwa na kuyakinga kwenye beseni nyeupe. Kuyatazama maji hayo ndiyo ilikuwa kazi yangu kuu. Wiki ya kwanza yalitoka rangi ya chai kavu, isiyo na maziwa. Wiki ya pili pia, nikakata tamaa, nikamwambia mama kwamba Mama Kavira ni mwongo. Mama aliniambia nimimine tena. Wiki ya tatu yalikuwa chai iliyotiwa maziwa. Ya nne, niliinamisha kichwa chake juani, nikatenganisha nywele kwa vidole, na pale kwenye shina, karibu na ngozi, nikaiona: mstari wa manjano, mwembamba, safi, unang'aa kama kitu ambacho hakikupata habari ya vita. Nilijua nywele huota, kila mtu anajua. Lakini nilisimama pale na beseni mkononi, nikaelewa kwamba muda wote ule wa hofu na mahema, ndani ya kichwa cha mama yangu kuna kitu kilikuwa kinaendelea kutengeneza rangi yake bila kumwomba mtu ruhusa. Niliogopa kukigusa.

Niliogopa pia kwa sababu nyingine. Waliokuwa wakiitafuta rangi ile huko Kiwanja, nani alijua kama hawako Goma? Mama alijua zaidi yangu. Hata hivyo wiki ya tano aliacha kufunga kitambaa, ili jua lisaidie, akapita nazo sokoni zikiwa rangi mbili kama bendera.

Kambi nzima iliona, na kila mtu akaelewa vibaya. Asubuhi moja mama mmoja wa Masisi, mwenye watoto sita na yeye mwenyewe hana kitu, alikuja kwetu akiwa ameficha kikombe chini ya kitenge. Ndani kulikuwa na masoso, ule uji wa mahindi, mtama na soya wanaopewa watoto waliodhoofika. Alimwambia mama polepole, ili asimwaibishe, kwamba bwaki inatibika ikiwahiwa. Mama alimtazama, akatazama kikombe, akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu dukani. Alimshukuru kwa mikono miwili, na uji niliunywa mimi.

Baada ya Pasaka tulirudi kwa masista. Nywele za mama zilikuwa na upana wa kidole kimoja wa manjano kwenye shina, na kutoka hapo zilikuwa nyekundu iliyofifia, laini, hazijakatika hata moja kwa dawa. Kwa mtazamo wangu hazikutosha. Masera alikaa na daftari lake wazi. Byamungu aliletwa, akasimama mbali, kidole mdomoni. Mama hakumwita. Alikaa chini sakafuni, akainamisha kichwa vilevile kama zamani, na akangoja kama alivyongoja wiki sita juu ya lile jiwe. Nilihesabu pumzi zangu. Byamungu alikuja hatua moja, halafu nyingine, akanusa, akakunja uso kwa ajili ya siagi. Akaingiza kidole kwenye shina la nywele, akajaribu kukizungusha. Zilikuwa fupi mno, zikateleza. Akajaribu tena.

"Hii ni ya mama," alisema. Kisha akazishika zile ncha nyekundu, akazivuta na kumtazama usoni. "Na hii ingine ni ya nani?"

Masera alifunga daftari. Mama alimpakata mtoto wake, na jioni ile tulirudi Mugunga watatu.

Siku hizi nina saluni yangu mwenyewe hapa Goma, na wasichana huja na hina ya kila aina wakitaka kurudi kwenye rangi nyepesi kabla ya harusi ya Jumamosi. Nawapa mafuta, nawapa subira, na asiyetaka subira namwonyesha kibati. Maduka yamejaa dawa zenye picha nzuri, na siwezi kusema zote ni mbaya. Ila sijaona hata moja iliyonifanya nishike pumzi kama ule mstari wa Kituku. Mama sasa ni mweupe kichwa kizima. Byamungu ni mwanaume mwenye ndevu, na binti yake wa miaka minne ametoka na nywele za mahindi, zilezile.

Vita viliporudi na Mugunga ikajaa tena, mke wa Byamungu aliingiwa na hofu. Alileta pakiti ya hina, akaiweka mezani mbele ya mama, akamwomba amwonyeshe jinsi ya kumpaka mtoto. Sikumlaumu, hofu ile naijua. Mama aliichukua pakiti, akaigeuza mara mbili mikononi, akamrudishia. Kisha akamvuta mjukuu wake katikati ya magoti.

"Mufunge kitambaa," alisema. "Kitambaa atakifungua yeye mwenyewe."