Wageni wa Mchele

Wakinituma vitunguu sokoni Mirongo, narudi na mazungumzo ya wanawake wawili waliokuwa wanagombania ndoo, na vitunguu sina. Uandishi unaniwasha kutwa nzima kama upele, na kila nikijikuna nasikia raha.

Basi mdogo wangu alipotaka kumuoa binti anayeuza mchele kando ya barabara kule Magu, ukoo ukanichagua niwe msemaji siku ya kwenda kujitambulisha.

"Wewe si unaandika? Maneno unayo," alisema baba mdogo.

Kila mtu kwetu anajua msemaji anavyoanza: tumeona ua zuri kwenye bustani yenu, tunaomba kulichuma. Nikaapa kwamba ua hilo halitatoka kinywani mwangu. Limeshachumwa mno.

Tukafika, tukaamkia, tukanywa soda. Nikasimama, moyo unaruka kwa furaha.

"Wazee wetu, shikamooni tena. Kijana wetu huyu amekuwa akija kununua mchele hapa Magu kila Jumamosi. Sasa kwetu Pasiansi mchele umejaa hadi chini ya vitanda, na bado anataka kuja. Tumekuja kuomba msaada wenu."

Nilijipenda sana dakika ile. Lakini baba mkubwa wa binti, aliyekuwa msemaji wa upande wao, alinikazia macho.

"Mwanangu, kwa hiyo mmekuja kurudisha mchele?"

Baba mdogo akanifinya paja. Mdogo wangu alikuwa ameloa jasho shati zima, na hapo nikaogopa kweli: ningeweza kumkosesha mke kwa sababu ya sentensi yangu nzuri. Nikameza kiburi, nikalitaja ua. Uso wa mzee ukachangamka, maana jibu la ua alikuja nalo tayari. Akalitoa lote, pamoja na mbolea, umwagiliaji na wadudu waharibifu. Kisha akamwita binti kutoka jikoni, kama desturi inavyotaka. Binti akisema hawajui wageni, wageni humaliza soda zao na kwenda kwao.

"Hawa wanasema wamefuata ua. Unawafahamu?"

Binti akapiga magoti, macho chini.

"Wageni wa ua siwafahamu, baba."

Akaweka sawa khanga yake begani. Mdogo wangu akaacha kupumua.

"Wa mchele ndio ninaowafahamu."

Vigelegele vilianzia jikoni vikaja hadi sebuleni. Baba mkubwa mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Watu wakakumbatiana, mimi nimekaa palepale, naionea wivu ile sentensi, namna alivyoikata katikati akatuacha tuning'inie. Kwenye gari, tukirudi nyumbani, niliirudia kwa sauti hadi dereva naye akaishika.

"Kaka," mdogo wangu akaniuliza, "umefurahi kwamba nimepata mke, au umefurahia maneno yake?"

Nikamwomba anipe muda hadi tufike Kisesa, nifikirie.