Pete ya Rangi Kwa Balbu ya Jikoni

Kila asubuhi, kabla jua haijatoka, mvuke ya chai inapanda kutoka kwa sufuria yangu na kushika nailoni ya kibanda. Hapo ndipo balbu ya duka ya jirani, ile iko nje ya nailoni, inavaa pete. Katikati nyeupe, halafu manjano kidogo, halafu nyekundu imezunguka kama kalamu ya mwalimu. Wateja wangu hapa Naro Moru, wale wa kubebea wageni mizigo mlimani, hawaioni. Wao wanaangalia mandazi. Mimi naiona, na kabla sijajizuia nimeshika kitambaa, napanguza ile nailoni mpaka balbu inabaki balbu tu.

"Kwani Wanjiru, hiyo nailoni ilikukosea nini?" mmoja aliniuliza.

"Mimi ndiye nilikosea," nikamwambia.

Akacheka. Nimezoeleka kama mtu wa mzaha, hata nikisema ukweli watu wanacheka. Nyinyi nitawaambia yote, lakini msiharakishe kucheka.

Kwetu ni Tetu, ukipita Giakanja kidogo, mahali majani ya chai inashuka mpaka kwa mto. Mimi ndiye msichana wa kwanza, kwa hivyo nilipewa jina ya mama ya baba. Na kwetu hiyo si jina tu. Baba alikuwa ananiita "mami", na akishika fimbo mimi nilikuwa namuuliza, "Ati utachapa mama yako?" Cucu, yaani huyo nyanya yangu, akisikia hiyo alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Alikuwa anasema mimi ni yeye, nimerudi kabla hata hajaenda. Nikipata homa, kwanza alikuwa anashika uso yake mwenyewe kuangalia kama iko moto, halafu ndio anashika yangu.

Asubuhi tulikuwa tunapeleka maziwa pamoja, yeye na mkebe mkubwa, mimi na ule mdogo na sare ya shule. Ukungu ya Tetu ni ile inaingia mpaka kwa soksi. Unasikia ng'ombe ya jirani ikikohoa na huoni hata ua. Halafu kwa mbali, mahali pa kupimia maziwa, inatokea balbu moja, na imezungukwa na pete ya rangi.

"Cucu, balbu imevaa shanga!"

"Imevaa kweli. Inaenda harusi."

Ikakuwa mchezo wetu. Mwenye ameona pete kwanza anabebewa mkebe mpaka kwa balbu. Mimi nilikuwa naona kwanza kila siku, hata siku zenye sikuona.

Halafu jioni moja tulikuwa jikoni tunachambua maharagwe. Cucu akainua macho, akaangalia balbu ya jikoni, akasema pole pole, "Hata hii leo imevaa."

Nikaangalia. Haikuwa imevaa kitu. Lakini mimi kushindwa ni kitu sikuwa nimefunzwa, kwa hivyo nikasema, "Hiyo mimi niliona kitambo." Akacheka, tukaendelea na maharagwe. Alikuwa amefunga kitambaa kwa kichwa, amekaza sana, kwa sababu kichwa ilikuwa inamuuma upande mmoja, juu ya jicho. Hiyo sikuweka maanani. Watu wakubwa wote wa kwetu walikuwa wanaumwa na kitu.

Haikupita muda, kanisani ikatangazwa kuna madaktari wa macho watakuja Jumamosi, watu wapimwe bure. Baba akamwambia, "Mama, hiyo Jumamosi unaenda. Nakuona ukimwaga chai kando ya kikombe."

"Nipimwe kwani mimi ni maziwa?" Cucu akasema.

Shida yangu ilikuwa hiyo Jumamosi. Cucu alikuwa ameniahidi tutaenda soko ya Giakanja kuuza kuku, na tukishauza tutaingia hoteli tukule chapati. Si chapati ya nyumbani, ile inapikwa Krismasi na inagawanywa kama dawa. Chapati ya hoteli, laini, ukiivuta inaachana kurasa kwa kurasa. Nilikuwa nimeota hiyo chapati wiki mbili. Hata shuleni nilikuwa nimetangaza.

Ijumaa jioni Cucu akaniita jikoni, akafunga mlango, akanishika mkono.

"Wanjiru. Wacha mchezo kidogo. Angalia hiyo balbu vizuri. Unaiona hiyo pete kweli? Hapa ndani, bila ukungu?"

Nikaangalia. Balbu ilikuwa balbu, na mdudu mmoja anagonga kichwa hapo. Nikajua akili yake iko wapi. Nikisema siioni, kesho ni daktari. Nikisema naiona, kesho ni chapati.

"Naiona, Cucu. Iko kubwa. Nyekundu iko kwa nje."

"Na wewe uko na macho ya mtoto."

"Mazuri kabisa."

Akatoa pumzi ndefu kama mtu ametuliwa mzigo ya kuni. "Basi ni macho yetu iko hivyo," akasema. "Sisi akina Wanjiru." Akatoka nje akamwambia baba amejipima mwenyewe na ako sawa. Baba alijaribu kubishana, lakini nani anabishana na mama zake wawili kwa siku moja?

Nilikula chapati mbili na maharagwe. Zilikuwa tamu, sitawadanganya. Tangu hiyo siku sijawahi kudanganya juu ya chapati.

Nilikuwa darasa la nane wakati Cucu alianza kugonga bega kwa mlango. Kikombe ukimwekea kando hakioni, mpaka ukiweke mbele yake kabisa. Baba akampeleka hospitali Nyeri, na mimi nikaenda kumshika mkono. Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Aliangalia jicho ya kwanza, akaangalia ya pili, akakaa.

"Cucu, hii ni presha ya macho. Miaka iliyopita, ulikuwa ukiona rangi imezunguka taa?"

"Ndiyo," Cucu akasema. "Lakini hiyo ni ya familia. Hata huyu anaiona."

Daktari akanigeukia. Mimi, mwenye mdomo kushinda shule nzima, nikaangalia viatu vyangu. Akasema dawa itachunga kile kimebaki, lakini kile kimeenda hakirudi, na kama angekuja wakati wa zile rangi, angekuwa anaona mpaka leo.

Kile kilikuwa kimebaki nacho kikaenda pole pole. Mimi shule iliishia hapo, lakini Kariuki, ndugu yangu mdogo, aliendelea na sekondari. Likizo moja nilimpata ameinamia karai ya maji, anagongagonga na vidole viwili.

"Unaosha nini?"

"Nasoma fizikia. Angalia mawimbi. Hapa zinapandana, maji inaruka juu. Hapa moja inapanda na nyingine inashuka, zinamalizana, maji inatulia. Mwanga nayo ni wimbi, inafanya hivyo hivyo."

Akaniambia mwanga ikipita kwa matone madogo ya ukungu inajipinda kuzunguka hayo matone, halafu mawimbi zake zinakutana. Mahali rangi moja imemalizwa, ingine inabaki, na hiyo ndiyo pete.

"Na ndani ya nyumba, mahali hakuna ukungu?"

"Basi maji iko kwa jicho yenyewe. Presha ikipanda, inaingia kwa kile kioo cha mbele."

Alisema tu kama mtu anajibu mtihani. Mimi nilimwaga hiyo maji akiwa bado anasoma. Pete ilikuwa ya aina moja, mimi niliiona barabarani, yeye mpaka jikoni. Lakini ukungu yangu ilikuwa nje kwa barabara, inaisha saa tatu jua ikiwaka. Yake ilikuwa ndani ya jicho, na ni mimi niliiambia ikae.

Cucu nilimwambia mwaka huu. Alikuwa amekaa nje anapukuchua mahindi, na vidole vyake havihitaji macho. Nikamwambia yote, na chapati pia, nikingoja anitukane. Mikono yake ikasimama.

"Kwa hivyo ile ya jikoni hukuwa unaiona."

"Hapana, Cucu."

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

Akaokota gunzi, akalishika tu. "Kwa hivyo nilikuwa peke yangu," akasema. "Miaka hii yote nimekuwa nikijua tulikuwa wawili."

Nilikuwa nimejitayarisha kuulizwa juu ya macho. Hiyo ingine sikuwa nimeiona ikikuja. Nikaokota hindi, nikaanza kupukuchua na yeye.

Hakunifukuza. Bado ananiita jina yake, na nikienda nyumbani mimi ndiye namsuka nywele. Jumapili iliyopita aliniuliza kama ile sweta amevaa ni ya bluu ama ya kijani, anataka ile ya bluu ya kanisa.

"Ni ya bluu, Cucu," nikamwambia. Na ilikuwa ya bluu.

Akatingisha kichwa, akanishukuru. Halafu akamuita Kariuki kutoka kwa shamba, akamuuliza.