Kaka yangu alivyotengeneza petroli kwa udongo mweupe, Kihanga

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi.

Ilikuwa Kihanga, Karagwe, miaka ile baada ya vita vya Kagera. Petroli kwa kibali, na kibali chenyewe kwa kujuana.

Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Nesi wa zahanati akasema awahishwe hospitali akapasuliwe.

Majirani wakaleta machela, ndiyo ilikuwa ambulance yetu. Mama akagoma katakata: "Baba yenu alibebwa hivyo hivyo, akarudi amefunikwa. Mimi sibebwi!"

Kaka Projest, mwalimu wa chemistry, alikuwa na pikipiki isiyo na tone. Akasema petroli ataitengeneza mwenyewe kwa oili chafu.

Akanieleza: molekuli za oili ni ndefu, nzito. Zikichemshwa zikawa mvuke, zikapita juu ya udongo mweupe wa bondeni uliopashwa moto, udongo unazipa chaji, zinakosa utulivu, zinakatika vipande vyepesi. Hiyo ndiyo petroli. Udongo wenyewe hautumiki ukaisha, ni catalyst tu, kichocheo.

"Ni kama mshenga. Anafanikisha ndoa, ila haoi yeye."

"Mshenga gani anayekata watu vipande, kaka?"

Hadi Mama kitandani alicheka. Dah.

Akaazima pipa na mrija wa shangazi, mpishi wa pombe ya gongo (mnisamehe, ndiyo maisha yetu). Jaribio la kwanza likatoa nusu chupa, pikipiki ikanguruma uani. Nililia kwa furaha!

Akarudia ili apate ya safari. Maungio akayaziba kama shangazi azibavyo, kwa majivu yaliyokandwa na ndizi mbivu. Kwa gongo inatosha. Lakini oili inataka moto mkali zaidi. Ule mchanganyiko ukakauka, ukapasuka, mvuke ukakutana na moto, ukalipuka na kumuunguza kaka vibaya.

Machela ikambeba yeye. Mama akatembea nyuma na uvimbe wake, njia nzima. Projest alikata roho kabla hatujafika.

Mama alipasuliwa, akapona, akaishi miaka mingi. Kila aliyempa pole alimjibu: "Ningekubali tu kubebwa."

Nilichojifunza: kaka hakukosea kuhusu udongo. Sayansi yake ilikuwa sahihi, vyombo ndivyo vilikuwa vya kazi nyingine. Na haraka ya kumwokoa umpendaye haikupi muda wa kukagua.

Mliopitia miaka ile, semeni yenu. Ila asitokee mtu wa kuniambia Mama ndiye alikosea. Hilo alijiambia mwenyewe vya kutosha.